Kosa la Mwaliko, Aibu ya Mgeni

Mtu akirudi kutoka sherehe ya maleba, yaani ya mavazi ya kuigiza, akilalamika kwamba alijiona kituko mbele ya marafiki zake mwenyewe, ushauri anaopewa huwa mmoja: jiamini. Ushauri huo unachukulia kuwa tatizo lilikuwa moyoni mwake. Mimi naona mara nyingi tatizo lilianza siku nyingi kabla, kwenye mwaliko uliosema "njooni mmevaa" bila kutaja mmevaa kiasi gani, na kwenye makubaliano ya pembeni ambayo wenzake waliyajua na yeye hakuambiwa.

Kila sherehe ya maleba ina kanuni mbili. Ya kwanza ni mada: maharamia, wanyama, miaka ya 1970, wahusika wa hadithi. Hiyo huandikwa. Ya pili ni kiwango, yaani mgeni anatarajiwa kuhangaika kiasi gani, na hiyo karibu haiandikwi kabisa. Mada ikiwa maharamia, mmoja atafunga kitambaa kichwani na kuvaa fulana ya mistari, kazi ya dakika tano. Mwingine atatokea na koti aliloshona kwa wiki tatu, ndevu za kubandika na upanga wa sponji uliopakwa rangi ya chuma. Wote wawili wametii mada. Lakini katika chumba cha watu 20 ambamo 17 wamefunga vitambaa, mwenye koti ndiye atakayetafuta kona ya kujibanza. Geuza hesabu hiyo, na mwenye kitambaa ataonekana amedharau mwaliko. Vazi halina usahihi wake lenyewe. Linapimwa na yaliyovaliwa karibu yake.

Ndiyo maana kumuuliza rafiki "nivae nini?" hakusaidii sana. Utajibiwa "chochote tu, usijali," naye anayekujibu ameshaagiza wigi. Uliza hivi: "Wewe unavaa nini, na umeanza kuandaa lini?" Siku ya kuanza ndiyo kipimo cha kuaminika. Aliyeanza wiki mbili nyuma anashona; anayesema ataangalia kabatini jioni ile ile amekupa kiwango cha chini. Waulize watu watatu, na angalau mmoja wao asiwe wa karibu sana na mwenyeji. Jibu la mwenyeji peke yake halitoshi, maana yeye kwa kawaida ndiye atakayevaa kuliko wote, na anapoeleza sherehe yake anaeleza anavyoitamani iwe.

Waandaaji wa zamani walikuwa na dawa ya jambo hili. Katika dansa za barakoa za karne ya 18, Venice na London, mgeni asiyetaka kuwa mfalme, mchungaji wala shetani alivaa domino: joho refu na pana lenye kofia yake, juu ya nguo za kawaida, pamoja na barakoa. Domino haikuwa mhusika yeyote. Ilitangaza tu kwamba aliyeivaa yumo mchezoni. Mwenye mori wa kuigiza aliigiza, mwenye haya alikuwa na joho lake, na wote waliingia kwa mlango mmoja. Sherehe za siku hizi zimemnyima mwenye haya joho hilo: ama umekuwa mtu fulani, ama umekuja na jinzi na kila anayepita anakuuliza vazi lako liko wapi.

Kanuni iliyokaribia kuirudisha domino ni ile ya dansa kubwa iliyofanyika hoteli ya Plaza, New York, tarehe 28 Novemba 1966. Wageni takriban 540 walitakiwa kuvaa nyeusi au nyeupe pamoja na barakoa, ya kuvuliwa saa sita usiku. Basi. Asiye na muda alitoa suti au gauni kabatini na kutafuta barakoa ya bei nafuu. Mwenye tamaa ya kuonekana alijipachika manyoya kichwani. Hakuna aliyelazimika kueleza yeye ni nani. Kwa mwenyeji yeyote mwenye marafiki wa tabia mchanganyiko, kanuni ya namna hii inaishinda mada yoyote yenye wahusika.

Husemwa pia kwamba barakoa humpa mtu ujasiri. Ni kweli, kwa sharti moja: asitambulike. Barakoa ya Venice iitwayo bauta iliundwa kwa ajili hiyo hasa. Ilifunika uso mzima, na sehemu yake ya chini ilichomoza mbele kama mdomo wa jagi, hivyo mvaaji aliweza kula na kunywa bila kuivua, na sauti yake ikabadilika. Moretta, barakoa ya wanawake, ilishikiliwa kwa kuuma kifungo kilichokuwa upande wa ndani. Aliyeivaa hakuweza kusema hata neno. Na kinachotoka chini ya kifuniko hutegemea vazi lenyewe: katika jaribio la Johnson na Downing la mwaka 1979, watu waliovishwa sare za wauguzi walipunguza ukali wa shoti za umeme walizodhani wanampa mtu mwingine, na walipunguza zaidi pale walipokuwa hawatambuliki.

Sasa liweke sharti hilo katikati ya marafiki wanane wanaofahamiana tangu shuleni. Watakujua kwa mwendo kabla hujafika mlangoni, na kwa kicheko ukishaingia. Kati ya marafiki maleba hayafichi chochote, yanaanika. Yanaonyesha unachokiona kinachekesha, unavyouona mwili wako, muda uliotumia, na utani upi wa kundi unaufahamu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa huru kabisa kwenye kanivali ya maelfu ya wageni, halafu akajishtukia sebuleni kwa rafiki yake.

Hapa wapenda saikolojia hutaja utafiti wa Timothy Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000. Wanafunzi walivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo waliiona ya aibu, wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha. Waliotambua kweli walikuwa kama robo. Matokeo hayo yanatuliza, lakini tusiyabebeshe yasiyobeba. Chumba kile hakikuwa na sherehe ya fulana. Kwenye sherehe ya maleba kutazamana ndiyo shughuli yenyewe, na nusu saa ya kwanza kila mtu anakaguliwa kweli. Kinachosaidia ni kwamba ukaguzi huo huisha haraka. Watu wakishasema "aa, wewe ni fulani" wanahamia kwenye mazungumzo, na kila mmoja anabaki akihangaika na wigi lake. Kwa hiyo anayetaka kuondoka baada ya dakika kumi na tano anaondoka wakati mbaya kuliko wote: amemaliza maumivu na hajaonja faida.

Kuna aina moja ya kujiona nje ambayo nusu saa haiitibu, nayo ni vazi la kikundi. Marafiki wanne wanakubaliana kwenye kundi la WhatsApp kuja kama shupaza, kopa, uru na pau. Hawana nia mbaya. Wazo lilizaliwa usiku mmoja walipokuwa pamoja. Siku ya sherehe wa tano anafika amevaa vizuri tu, pengine vizuri kuliko wao, lakini kila picha inapopigwa wanne wanaitwa na yeye anapewa simu awapige. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na safari hii kamba imefungwa na wenyeji wake.

Kosa la kiufundi hapo ni kuchagua seti iliyofungwa. Aina za karata ni nne. Nafasi ya tano haipo hata mkitaka kumwongeza mtu. Seti wazi haina idadi: mboga za sokoni, rangi, ndege, hali ya hewa, herufi. Mara nyingi iliyofungwa huweza kufunguliwa kwa hatua moja. Badala ya aina nne za karata, kuweni karata 52, na kila atakayejiunga atajichagulia yake kwa kubandika kadibodi mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizoungwa kwa utepe mabegani. Atakayeambiwa siku moja kabla bado atawahi. Kama wazo lenu haliwezi kufunguliwa, angalau litangazeni kwenye kundi la wote mapema, ili wengine nao waungane wawili wawili.

Dansa ya Devonshire House ya London, tarehe 2 Julai 1897, ilishughulikia hili kwa uwazi kuliko sherehe nyingi za leo. Wageni kama 700 walitakiwa kuvaa mavazi ya kihistoria au ya mafumbo ya kabla ya mwaka 1815, na wengi waligawiwa katika mabaraza ya kifalme: la Malkia Elizabeth I, la Maria Theresa wa Austria, la Catherine wa Urusi, la Mfalme Arthur. Kila baraza lilikuwa na kiongozi wake na liliingia kwa maandamano. Ulikuwa ubwanyenye wa kupindukia, sitaki kuupamba. Ila vikundi vilijulikana, na mtu alikuwa na wa kuingia naye.

Basi mwaliko uandikweje? Mada iwe pana na ipewe mifano mitatu iliyopangwa kwa ugumu, ndani ya sentensi moja: "Mada ni bahari, nguo ya bluu inatosha, kofia ya nahodha ni safi, na ukitaka kuja ukiwa pweza mwenye mikono minane karibu sana." Sentensi hiyo imetaja sakafu na dari, na mgeni ameona vyote viwili vinaruhusiwa. Taja kama ni ndani au nje, kama kutakuwa na ngazi, kama watu watakaa au watacheza. Mpe mgeni wiki tatu. Wiki moja hailetei mtu nafasi ya kushona wala ya kuazima, na miezi miwili humfanya asahau hadi siku mbili za mwisho. Siku tano kabla, tuma picha ya vazi lako mwenyewe likiwa nusu tayari. Hiyo moja hufundisha kiwango kuliko maelezo yote. Na mlangoni weka kikapu chenye vitu vya watakaofika mikono mitupu: vitambaa, kofia mbili tatu, barakoa za karatasi, kalamu ya wanja. Kwa wageni 20, vitu sita hadi vinane vinatosha.

Mgeni naye ana kazi yake, hasa pale mwaliko ulipokaa kimya. Kwa kuwa hajui kiwango, atengeneze vazi linalopanda na kushuka. Lina sehemu tatu: msingi, kitambulisho na ziada. Chukua mfugaji nyuki. Msingi ni shati jeupe la mikono mirefu na suruali nyeupe au ya kaki. Kitambulisho ni kofia pana yenye wavu. Ziada ni kopo la moshi la kadibodi lililotolewa pamba mdomoni, na nyuki watano wa sufi waliobanwa kwa pini begani. Ukikuta wenzako wamekuja kwa kiwango cha juu, unayo yote. Ukikuta jinzi na kofia za karatasi, ziada inabaki kwenye begi na kofia inatosha.

Wavu huo una hesabu yake. Pima kipenyo cha ukingo wa kofia. Kikiwa sentimita 40, mzunguko ni kama 126. Kata wavu wa sentimita 155 kwa 50, ili ncha mbili zipishane mbele kwa karibu sentimita 25 na kubakiwa na kidogo cha kukunja. Ushikize kwa mishono ya kuruka kila sentimita tatu, halafu pitisha mpira mwembamba chini, ukae mabegani. Wengi hushona wavu mzunguko mzima kisha wakafika sherehe na kugundua hawawezi kunywa maji. Mpishano wa mbele ndio mlango wako.

Kutoeleweka ni adha nyingine, na huchosha kuliko kuvaa vibaya, kwa sababu unajieleza upya kwa kila anayeingia. Watu hulitambua vazi kwa umbo, rangi na kifaa. Lenga kuwa na viwili kati ya hivyo. Umbo ndilo lenye nguvu, hasa taa zikififia. Rangi ni msaliti: nyekundu chini ya taa ya bluu huonekana nyeusi, na shetani wako anageuka padri. Kifaa nacho kina kasoro ya mikono. Mkono mmoja umeshika upanga, wa pili glasi, wa kusalimia haupo. Baada ya muda upanga utaegemezwa ukutani na vazi litabaki nusu. Kila kifaa kifungwe mkanda wa begani au ndoano kiunoni. Mjaribu mtu asiyejua unachoandaa: mwonyeshe kwa sekunde tano. Akikosea, ongeza kitu au badilisha wazo. Mhusika wa mfululizo unaoupenda peke yako usimlete kwenye sherehe ambako hakuna mwingine anayeutazama.

Kuhusu uso, watu huharibu mambo zaidi ya wanavyodhani. Rangi ya maji ipakwe kwa tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kabla ya pili. Tabaka moja nene hupasuka mdomoni mtu anapocheka. Rangi ya mafuta hudumu zaidi lakini lazima ifungwe kwa poda, la sivyo utaiacha kwenye shavu la kila utakayemkumbatia. Jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono saa 24 kabla. Rangi za kuchorea karatasi si za ngozi, hata kopo likiandikwa haina sumu. Ndevu hubandikwa kwa gundi maalumu ya ngozi, na huondolewa kwa dawa yake au kwa mafuta, polepole, wala si kwa kuvuta. Lenzi za rangi za macho ziache kabisa kama hukupimwa na mtaalamu.

Barakoa nzima kwa kawaida huishia kwenye paji la uso mapema tu, kwa joto na kwa sababu mvaaji haoni pembeni. Panua matundu ya macho kuliko yalivyokuja, na hakikisha lililo chini yake bado ni vazi. Mwenye miwani asipambane na barakoa ya kamba. Aifunge kwenye fremu ya miwani yake au kwenye kijiti cha kushika.

Kuna suala la moto pia. Tarehe 28 Januari 1393, huko Paris, Mfalme Charles VI na wenzake watano walicheza wakiwa watu wa mwituni, ndani ya mavazi ya kitani yaliyopakwa lami ya miti na kubandikwa katani. Kwa simulizi mashuhuri ya zama hizo, ilikuwa imeamriwa mienge isisogezwe. Ndugu wa mfalme, Louis wa Orléans, alifika amechelewa bila kujua amri hiyo, akiwa na mienge. Moto ukashika mavazi, na wanne walikufa. Pamba ya ndevu, manyoya ya bandia na wigi nyingi za leo hushika moto upesi, kwa hiyo penye maleba mishumaa isiwepo.

Siku moja kabla, vaa vazi lote kwa dakika 20 nyumbani. Kaa, panda ngazi, inua mikono yote, kunywa, pita mlango mwembamba, nenda chooni. Ovaroli za kipande kimoja huanguka kwenye jaribio hilo la mwisho. Viatu viwe vyako vya siku zote, maana anayeumia miguu hukaa, na anayekaa peke yake hufikiria anavyoonekana.

Ukishafika na ukaona umezidi, ondoa ziada na usiombe radhi kwa kila mtu. Maelezo ndiyo yanayowakumbusha. Ukiwa umepungukiwa, wanja unatosha kuchora masharubu au sharafa za paka kwa dakika mbili. Kuliko yote, mwombe mwenyeji kazi: mlango, muziki, vinywaji. Mwenye kazi ana sababu ya kuzunguka. Nusu saa baada ya muda uliotajwa ni wakati mzuri wa kuingia. Kabla ya hapo unakaguliwa na wachache wasio na la kufanya, na ukichelewa sana unakuta watu wameshajipanga kwa vikundi.

Upo pia mgeni anayejiona nje kwa sababu mada yenyewe imemgeuza kuwa vazi. Mwanamfalme Harry wa Uingereza alipigwa picha Januari 2005 na alama ya Wanazi mkononi, kwenye sherehe ya mada ya "wakoloni na wenyeji". Justin Trudeau, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Canada, alijipaka uso rangi ya kahawia mwaka 2001 kwenye hafla ya "usiku wa Arabia," picha ikafichuka mwaka 2019. Wote waliomba radhi. Lawama zao wenyewe hazipungui, lakini mada zile zilikuwa zimeshafungua mlango. Mada inayotaja watu fulani huwalazimisha wengi kuwaigiza wachache, na rafiki mmoja wa asili hiyo atakaa usiku kucha akitazama nguo za bibi yake zikichekwa. Chagua mada ya vitu, mahali, rangi au wanyama. Kabla ya kuitangaza, pitia orodha ya majina na ujiulize kwa kila mmoja: mwenye hijabu ataivaaje? Anayetumia kiti cha magurudumu? Mwenye mwili mkubwa, ambaye maleba ya dukani hayamtoshi? Jina moja likikwama, panua mada.

Picha ya watu wote ipigwe ndani ya saa ya kwanza, kabla rangi haijayeyuka, na kabla ya picha za vikundi. Mpigaji awe jirani, au simu isimamishwe mahali kwa kipima muda cha sekunde kumi, ili asiwepo wa kubaki nyuma ya kamera. Na kabla ya kuzirusha mtandaoni, zipitishwe kwanza kwenye kundi la waliohudhuria kwa siku moja, kila mtu aseme ipi yake isitoke.